Barua ya wazi kwa wanaoiongoza Visual Studio Code: tupeni toleo la kukaa nalo

Kwenu wahandisi na viongozi wa Visual Studio Code huko Microsoft,

Salaam kutoka Mwanza.

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ninayofundishia, na kwa kuwa nataka barua hii isomwe pia na vijana wanaoshinda kutwa ndani ya programu yenu ya kuandikia msimbo bila kujua kwamba kuna watu wanaokaa na kuamua lini ibadilike. Ombi langu ni moja. Tunaomba toleo moja kila mwaka litakalotulia: lisibadilike sura, lisiongeze masharti ya mashine, lisiletewe vipengele vipya, bali lipate viraka vya usalama na marekebisho ya hitilafu kwa miezi 18. Anayetaka jipya kila linapotoka aendelee nalo. Anayetaka kutulia apate pa kutulia.

Kwanza niwape haki yenu. Mlipoitangaza programu hii tarehe 29 Aprili 2015, mtu aliyetafuta kihariri kizuri cha msimbo alikuwa na machaguo machache. Sublime Text ilikuwa nyepesi na nzuri, lakini ya kulipia. Notepad++ ilikuwa ya bure, ila ya Windows peke yake. Atom ya GitHub ilikuwa ya bure na ya mifumo yote, lakini ilijulikana kwa uzito wake. Ninyi mkaja na kitu cha bure kinachokwenda sawasawa kwenye Windows, macOS na Linux, na tarehe 18 Novemba mwaka huohuo mkauweka msimbo wake hadharani kwa leseni ya MIT, inayomruhusu yeyote kuutumia na kuubadilisha. Aprili 2016 likatoka toleo la 1.0.

Faida yake naiona kila jioni. Nina vijana kumi na wawili darasani na kompyuta zao hazilingani. Nyingi ni za mtumba. Ipo iliyorithiwa kutoka kwa kaka mtu, zipo mbili zilizowekewa Linux kwa sababu Windows ilikuwa imezilemea, na ipo Mac moja ambayo mwenyewe aliletewa na shangazi yake anayefanya kazi Muscat. Hata hivyo naandika maelekezo ubaoni mara moja tu. Bonyeza Ctrl na P, andika jina la faili, mwenye Mac atumie Cmd. Wote wanafika mahali pamoja kwa wakati mmoja. Aliyewahi kufundisha kwa kugawanya darasa makundi matatu kulingana na mashine atanielewa ninaposema kwamba hilo si jambo dogo.

Tena kuna jambo la mwaka 2016 ambalo vijana wengi hawalijui. Zamani, kila kihariri kilipaswa kujengewa upya uelewa wa kila lugha ya programu: mtu wa kihariri cha Vim atengeneze wake wa Python, mtu wa kihariri cha Emacs atengeneze wake wa Python, kila mmoja kivyake. Ninyi, pamoja na Red Hat na Codenvy, mkaweka hadharani itifaki moja ya mazungumzo kati ya kihariri na mtambo unaoielewa lugha, hiyo Language Server Protocol. Leo hata anayeapa kwamba hatagusa programu ya Microsoft, akifungua kihariri cha Neovim na kuona kosa lake limepigiwa mstari, anatumia kazi hiyo. Waislamu wana neno la wema wa namna hii: sadaka yenye kuendelea. Kwa hiyo ninayosema hapa chini nawaambia watu waliokwisha kutufaa.

Sasa niingie kwenye masasisho.

Mwendo wenu ni wa kasi. Kwa miaka mingi mmekuwa mkitoa toleo jipya karibu kila mwezi. Waandishi wa programu ninaowafahamu wamegawanyika kuhusu kasi hiyo, wala sitajifanya nawasemea wote. Ninaye rafiki Nairobi anayeyasoma maelezo ya toleo jipya kama gazeti la asubuhi. Siku hiyo hafanyi kitu mpaka amejaribu kila kipengele, kisha anatutumia picha za skrini. Kwake, kusimama ni kurudi nyuma. Ninaye pia mwenzangu anayesimamia seva za shirika moja hapa Kanda ya Ziwa, ambaye amezima masasisho kabisa na anatunza faili la kusakinishia toleo la zamani kwenye flashi, droo moja na hati ya kiwanja chake. Wote wawili wana akili timamu, na wote wanaipenda programu ileile. Tofauti yao ni kazi wanayoifanya. Wa Nairobi anajenga vitu vipya, wa huku analinda vitu vinavyotegemewa na watu wengine.

Toleo mnalotoa limeshonwa kwa kipimo cha yule wa kwanza. Wa pili analazimika kujitafutia.

Kilichonifanya niandike si hisia tu, ni tukio la wazi ambalo ninyi wenyewe mnalikumbuka. Mapema Februari 2024 mlitoa toleo la 1.86. Ndani yake, ile sehemu inayokaa upande wa seva ilihamia Node.js 18, mtambo wa kuendeshea msimbo wa JavaScript, na Node.js 18 inahitaji glibc ya 2.28 au zaidi. Kwa wasiozoea mambo haya: glibc ni maktaba ya msingi ambayo karibu kila programu ya Linux huiegemea, na haibadilishwi kama shati, kuibadilisha ni karibu sawa na kubadilisha mfumo endeshi mzima. Chukueni mifumo ya Linux iliyokuwa kwenye seva nyingi: Ubuntu 18.04 ina glibc 2.27. CentOS 7 na Red Hat Enterprise Linux 7 zina 2.17. Zote zikaachwa nje kwa mkupuo mmoja.

Namna ilivyotokea ndiyo inayouma zaidi. Watu wengi hutumia kiendelezi, yaani programu ndogo ya kukiongezea kihariri uwezo, kiitwacho Remote-SSH: unakaa kwenye kompyuta yako ndogo, lakini faili na kazi nzito ziko kwenye seva. Ili hilo lifanyike, kihariri hupeleka pacha wake kwenye seva, na pacha huyo lazima awe wa toleo lilelile hasa la kihariri kilicho mezani. Kihariri cha mezani hujisasisha chenyewe. Hivyo mtu alifunga kazi jioni kila kitu kikiwa salama, akafungua asubuhi, kihariri kikapeleka pacha mpya, na seva ikamkataa. Hakuna mtu aliyegusa seva, wala mwenye kompyuta hakuomba chochote. Sehemu kubwa ya waliopigwa na jambo hilo walikuwa watu wa vyuo na taasisi za utafiti, ambao seva si zao na hawana mamlaka ya kubadilisha mfumo wake. Na kumbukeni kwamba wakati ule Red Hat Enterprise Linux 7 ilikuwa bado inahudumiwa na wenyewe. Muda wake ulikwisha tarehe 30 Juni 2024, miezi minne na kitu baadaye.

Malalamiko yakamiminika. Watu wakafundishana kurudi 1.85 na kuzima masasisho. Siku chache baadaye mkatoa 1.86.1, ambayo iliruhusu tena seva hizo kwa muda wa miezi 12, ikitoa onyo. Mlisikia, na nawashukuru kwa hilo. Si mara ya kwanza: mwaka 2017 mlipoigeuza nembo kuwa ya rangi ya chungwa na watu wakaikataa, mliirudisha bluu. Masikio mnayo. Lakini ile miezi 12 ilipatikana kwa kelele, na mlango ukafungwa tena kwa toleo la 1.99, Machi 2025. Mtu anayelinda seva ya shirika hawezi kupanga bajeti yake ya mwaka kwa kutegemea kwamba wenzake wa dunia nzima watapiga kelele ya kutosha siku ya tukio.

Najua jibu la kwanza mtakalokuwa nalo, kwa sababu nililisoma mara nyingi wakati ule: anayetaka kubaki nyuma abaki, masasisho yanazimika. Kweli yanazimika. Vijana wangu nimewaonyesha mpangilio wenyewe ulipo, na tunalipakua faili moja, la megabaiti mia hivi, tukalipitisha kwa flashi badala ya kila mtu kulipakua kwa bando lake. Ila anayebaki nyuma kwa njia hiyo anabaki bila ulinzi. Programu yenu imejengwa juu ya Electron, msingi wa kutengenezea programu za mezani kwa teknolojia ya kivinjari, na ndani ya Electron mna Chromium, kivinjari kizima, ambacho mashimo ya usalama hupatikana na kuzibwa humo kila mara. Mtu aliyekaa 1.85 kwa sababu ya seva yake amekaa na mashimo yote yaliyogunduliwa tangu hapo. Tena ni mwandishi wa programu: kwenye mashine yake ndiko ziliko funguo za seva na nywila za hifadhidata. Mnampa machaguo mawili, apoteze kazi yake au apoteze kinga yake. Mimi nadai liwepo la tatu.

Na viendelezi havimsubiri. Kila kiendelezi hutaja toleo la chini kabisa la kihariri kinachokubaliana nalo, na watengenezaji wake, wengi wao watu wa kujitolea, hufuata mnakokwenda. Mwaka juzi kiendelezi kimoja cha kupanga msimbo, ambacho sitakitaja jina, kilijisasisha katikati ya wiki na kubadilisha kanuni zake za nafasi na mistari. Mwanafunzi wangu mmoja akahifadhi faili zake na mradi mzima ukaonekana umeandikwa upya, mistari mia kadhaa imeguswa, na hakuna hata mmoja uliobadilika maana. Alilia. Alidhani ameharibu kazi ya kikundi, na tulichukua jioni nzima kumtuliza na kurudisha mambo. Lingekuwapo toleo tulivu la mwaka, hata watengenezaji wadogo wa viendelezi wangekuwa na shabaha isiyohamahama: hakikisha kinafanya kazi kwenye toleo tulivu, basi, umewafikia watu wote wanaohitaji utulivu.

Jibu la pili nalo nalijua. Msimbo uko wazi, tengenezeni wenyewe. Ningelikubali kama lingekuwa kweli kwa ukamilifu wake. Msimbo ulio hadharani ni wa MIT, sawa, lakini programu tunayoipakua kwenu ina leseni yake nyingine. Wapo waliojenga VSCodium kutoka kwenye msimbo huo, bila upelelezi wa matumizi, na ni kazi nzuri. Ila soko lenu la viendelezi, kwa masharti yenu wenyewe, ni la bidhaa za familia ya Visual Studio tu, ndiyo maana wao hutumia soko la Open VSX linalosimamiwa na Eclipse Foundation. Na Remote-SSH, kiendelezi kilekile kilichowaumiza watu Februari 2024, si cha wazi; leseni yake hairuhusu kitumike nje ya programu zenu. Pylance, kiendelezi chenu cha lugha ya Python, ni hivyohivyo. Kwa hiyo hata wakikusanyika wahandisi mia wa kujitolea kesho, wakatengeneza toleo tulivu la miaka mitatu, hawataweza kumpa mtafiti yule kitu anachokihitaji. Ufunguo wa chumba hicho mnao ninyi. Mwenye ufunguo hawezi kumwambia mtu ajifungulie.

Tena tusisahau yaliyotokea jirani. Adobe ilisimamisha kihariri chake cha Brackets tarehe 1 Septemba 2021. Atom, ambayo Electron yenyewe ilizaliwa tumboni mwake, ilifungwa na GitHub tarehe 15 Desemba 2022, na wakati huo GitHub ilikuwa tayari mali ya Microsoft. Katika uchunguzi wa mwaka 2024 wa Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu, watu zaidi ya 7 kati ya 10 walijibu kwamba wanatumia Visual Studio Code. Vim ipo, Emacs ipo, Zed inakua. Lakini kwa kijana anayeanza leo, kila video na kila kitabu cha mazoezi kinamleta kwenu. Mlipokuwa wachache mnaotafuta watumiaji, kasi ilikuwa haki yenu. Sasa nyumba imejaa watu wa kila aina, na ngazi ikihamishwa usiku wapo watakaoanguka.

Wala siombi kitu kigeni. Ubuntu hutoa toleo la muda mrefu kila baada ya miaka miwili, na huduma ya kawaida ya miaka mitano. Node.js mnayoitumia ina matoleo yake ya muda mrefu. Mozilla ina Firefox ESR, toleo la muda mrefu la kivinjari chake, na lile la 115, la Julai 2023, walilirefushia muda zaidi ya mara moja kwa ajili ya watu waliobaki kwenye Windows 7 na 8, wakijua wazi kwamba si mifumo ya kisasa. Kwenu, Windows 7 iliishia 1.70.3 na Windows 8 ikaishia 1.79, na hapo ndipo habari yao ilipokwisha.

Na ndani ya nyumba yenu wenyewe mnajua kufanya jambo hili. Kaka mkubwa, Visual Studio 2022, alikuwa na njia ya muda mrefu: matoleo kama 17.4, 17.6 na 17.8 yalihudumiwa zaidi ya mwaka mmoja kila moja, bila vipengele vipya, kwa wateja wa Professional na Enterprise. Mtu anaweza kusema hao wanalipa. Haya, tazameni .NET, jukwaa lenu la kujengea programu: ni ya bure, ya mifumo yote, msimbo wake wazi, na matoleo yake ya muda mrefu yanapata miaka mitatu. .NET 8, iliyotoka Novemba 2023, ilipangiwa kufika Novemba 2026. Nimelifikiria sana hili na sijaona kwa nini anayeandika kwa .NET apewe miaka mitatu ya amani kwenye msingi wake, halafu kihariri anachouandikia kisimpe hata mwaka.

Kuhusu akili mnemba nitasema kidogo, maana najua ndipo nguvu zenu nyingi ziko sasa. Desemba 2024 mlileta daraja la bure la GitHub Copilot, msaidizi wa akili mnemba wa kuandika msimbo, na mwaka 2025 mkaufungua msimbo wa kiendelezi chake cha mazungumzo. Mmeweka hata mpangilio mmoja wa kuvizima vipengele hivyo vyote kwa pamoja, na mimi huutumia kwa wanafunzi wa miezi mitatu ya kwanza, kwa sababu nataka wakosee kwa mikono yao wenyewe. Sipingi akili mnemba. Nasema tu kwamba ni eneo linalobadilika wiki kwa wiki, na ndiyo sababu kubwa zaidi ya kuwa na toleo ambalo halibadiliki. Mwalimu aandae somo Januari, picha zifanane na skrini hadi Desemba. Mtafiti aandike kwenye makala yake alitumia toleo gani, na mwingine alipate hilohilo likiwa salama. Menyu za Kiswahili nazo ningeziomba, lakini hiyo ni barua nyingine. Nani atafsiri maneno yanayobadilishwa kabla wino haujakauka?

Kwa hiyo, kwa ufafanuzi zaidi. Chagueni toleo moja mwanzoni mwa mwaka na mlitangaze miezi mitatu kabla, ili watu wa viendelezi wajiandae. Masharti yake ya glibc na ya mfumo endeshi yabaki yaleyale hadi mwisho. Viraka vyake viwe vya usalama na vya hitilafu kubwa tu. Remote-SSH ilihudumie rasmi, na huo ndio moyo wa ombi; bila hilo mengine ni mapambo. Na siku ya mwisho ya huduma iandikwe mahali ambapo msimamizi wa seva anaweza kumwonyesha bosi wake na kusema, hii hapa, tuna hadi tarehe hii kubadilisha mfumo.

Najua viraka vya kurudisha nyuma ni kazi ya jasho, hasa vya Chromium, na kwamba Electron yenyewe haihudumii matoleo yake kwa muda mrefu. Hapo ndipo gharama ilipo na sitaifanya ndogo. Lakini ni gharama ambayo leo inalipwa na watu waliotawanyika, kila mmoja na flashi yake, kila mmoja akikisia mwenyewe kama toleo alilobaki nalo bado ni salama.

Kwa upande wetu tunazo mashine kumi na mbili, kongwe yake ina gigabaiti 4 za kumbukumbu, na seva moja ya zamani tunayoifanyia mazoezi. Mkitoa toleo la kwanza la namna hii, hata la majaribio, tutaliweka kwenye zote wiki hiyohiyo na kuwaandikia kila tutakachokikuta, kwa Kiingereza, mahali penu pa kupokelea ripoti za hitilafu.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa darasa la jioni, Mwanza